Kimya cha Kitanda cha Saba

Wodi ya wazazi ilikuwa na wauguzi wawili na vitanda kumi na vinane, na kazi yenyewe iliendeshwa kwa masikio: aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyefikiwa kwanza. Mama Dekio, mfagiaji wa wodi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, aliujua utaratibu huo kuliko hata daktari. Ndiyo maana asubuhi ile, alipomkuta bintiye kitanda cha saba ametulia tuli, alijua hakuna atakayemjia.

Kwao, huko kwa wenyeji wa msituni ambako hapajawahi kujengwa hata zahanati, mwanamke halii kwa uchungu wa uzazi. Huuma kitambaa, basi. Mama Dekio alizaa watano hivyo, akazika wawili hivyo hivyo, kisha akamfundisha bintiye asije akawatia aibu mbele ya watu wa mjini. Mwalimu mzuri kweli!

"Sista, mwanangu ana hali mbaya," alisema, dekio mkononi.

"Mama Dekio nawe! Mbona amenyamaza? Bado huyo. Mwambie aache haya, mficha uchi hazai." Muuguzi akacheka, akakimbilia kitanda cha tatu kulikokuwa na makelele. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na miguu miwili tu, na watu wa msituni alishazoea kuwaona wakifika wamechelewa na kuondoka mikono mitupu.

Mama Dekio alimwendea mara ya pili. Mara ya tatu aliambiwa akadeki korido. Kufika adhuhuri, midomo ya binti ilikuwa imepauka na shuka limelowa damu.

"Piga kelele, mwanangu," alimnong'oneza kwa lugha yao. "Lia, nakuomba."

"Si ulisema nisilie, mama?"

"Nilikosea! Lia!"

Binti alifumbua mdomo, sauti haikutoka. Basi Mama Dekio akatupa dekio chini na kupiga yowe yeye mwenyewe, yowe lililosimamisha wodi nzima. Wauguzi wote wawili wakaja mbio.

"Kwani anayezaa ni wewe au ni yeye?" mmoja akafoka. Kisha akafunua shuka, na utani ukaisha.

Binti walimwokoa. Mtoto alitoka akiwa na viungo vyake vyote, nywele tele kichwani, ila hakulia. Walimsugua mgongo, wakampulizia hewa, dakika zikapita. Mama Dekio alisimama ukutani akisema moyoni: lia, mjukuu wangu, lia, hakuna atakayekucheka.

"Mama, mbona halii?" binti akauliza.

Muuguzi akamfunika mtoto kitambaa hadi usoni. Ndipo kilio alichokibana binti tangu alfajiri kilipomtoka, kikajaza wodi hadi korido.

Muuguzi alimshika bega. Macho yake yalikuwa mekundu. "Pole, mdogo wangu, pole sana," akasema. "Lakini lia taratibu. Kuna wazazi wengine humu."