Chumvi Kwenye Mashine ya Msikiti

Shule mimi niliiacha mapema, lakini pompi ya maji ikilia nasikia inaumwa wapi. Ndiyo maana kamati ya msikiti wetu wa mtaa wa Jabe ilinipa mimi ufunguo wa chumba cha mashine, wakawaacha waliosoma. Waliosoma wanapenda kufunguafungua vitu.

Kisima chetu kina maji ya chumvi. Wageni wanacheka, wanasema ziwa lile pale, tena maji matamu, na nyinyi mnachimba chumvi? Ndiyo, tunachimba. Robine za mtaani siku hizi zinakohoa hewa kuliko maji, na kwenda ziwani kuchota maji na bidon si kazi ya mtu mwenye magoti kama yangu. Magoti haya yaliharibika kwa kulala chini ya magari ya watu, sementi baridi, miaka na miaka, na wenye magari wakinisimamia juu kuangalia kama naiba buluni na nati zao. Basi, hayo tuyaache.

Mashine yenyewe ya kutoa chumvi ni mabomba mawili meupe, marefu kama mtu aliyelala. Ndani mna kitu wanaita membrani, ngozi nyembamba iliyokunjwakunjwa. Pompi inayasukuma maji kwa nguvu, ngozi inayapitisha na chumvi inaikataa. Sasa ile chumvi iliyokataliwa lazima itoke, na haitoki peke yake, inatoka na maji mengi kwa tuyo la nyuma, mpira mrefu, linalomwaga kwenye mfereji nyuma ya chumba. Hapo kuna robine ndogo. Fundi aliyeifunga mashine aliipaka rangi nyekundu akaniambia, "Mzee, hii usiifunge hata siku moja. Ukiifunga, chumvi itabaki ndani, maji yataharibika, na membrani itakufa." Nikasema sawa. Sikumwambia mtu mwingine. Nasema ukweli wangu: nilipenda niwe mimi peke yangu ninayejua.

Kila asubuhi naosha tangi la mchanga linalochuja kwanza kwa kurudisha maji kinyume, natazama zile saa mbili zinazopima presha, nafungua filtri ya pamba kuona imechafuka kiasi gani. Ikiwa rangi ya chapati naiacha. Ikiwa rangi ya chai naitoa. Halafu nagawa maji, asubuhi mara moja na baada ya alasiri mara ya pili. Na kwetu huku mtu hapokei kinywaji katika mkono ambao haukuonja. Hata kwa wale wanaokunywa pombe, mwenye nyumba anaanza yeye, ndipo mgeni anashika. Kwa hiyo nakunywa kikombe mbele ya foleni, natikisa kichwa, ndipo wanasogeza bidon zao.

Katika foleni alikuwepo mama mmoja Mukongomani, anauza tangawizi ya chupa karibu na soko. Nyumbani kwake Bwiza robine imekauka siku nyingi, na nyumba nzima inakula kwa tangawizi ile. Alikuwa anachota maji yetu safi ya kupikia, na yale ya tuyo la nyuma anakinga kwenye ndoo aoshee chupa. Siku moja akaniambia pembeni, kwa adabu:

"Papa, maji ya jioni iko na chumvi. Batu banatema tangawizi yangu."

"Mimi nimekunywa sasa hivi mbele yako."

"Ulikunywa, lakini haukuonja. Onja tena."

Nikaonja tena, polepole, kama mtu anayeonja dawa. Chumvi. Ya asubuhi tamu, ya jioni chumvi, na mimi siku kadhaa natikisa kichwa tu kwa mazoea. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake moyo wangu ukaniambia: katika watu wote hawa, kwa nini yeye ndiye wa kwanza kujua? Anayejua chumvi kabla ya wengine, si ndiye aliyeitia? Na nani anainama kila siku kwenye lile tuyo la nyuma kama si yeye na ndoo yake? Mjini hapa neno sumu halihitaji kuitwa mara mbili.

Kesho yake nikasimama kwenye ngazi ya geti, foleni yote inasikia, nikasema mashine inachezewa na kwamba anayeichezea anajulikana. Nikamnyoshea kidole.

"Mi?" akasema. "Mi niko mulozi sasa, wa kutia batu sumu? Mi nabeba maji yenye banatupa, papa! Nitatia nini mu maji ya kutupa?"

Lilikuwa swali zuri. Nikageukia wanakamati. Kamati ikaamua asipite getini mpaka ijulikane. Akachukua ndoo yake akaenda, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Sasa sikilizeni. Mama hayupo, na maji ya jioni bado chumvi. Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Mimi nikasema ana mwenzake. Shaka ni kama kupe, ukiing'oa vibaya kichwa kinabaki ndani. Basi siku hiyo sikwenda nyumbani kula mchana kama kawaida yangu. Niliwasha mashine, nikazunguka nyuma, nikakaa kwenye pembe tunapoegemeza jeneza la msikiti. Mahali pale hakuna anayepaangalia kwa kupenda.

Akaja mwadhini wetu. Mtu mkubwa kwangu, tumekua mtaa mmoja, yeye ndiye aliyenifundisha alifu na be kwa fimbo. Akainama, akasema bismillahi, akaifunga robine nyekundu.

"Kaka! Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nafunga israfu."

"Israfu gani?"

"Hii. Ndoo tatu zinamwagika ili we upate moja. Tumekatazwa kupoteza maji hata kwenye udhu, hata ukiwa ukingoni mwa mto. We unamwaga kutwa, na tasbihi iko mkononi! Na tangu nifunge, tangi la maji safi linajaa upesi. Nikaona Mungu amekubali."

"Na kwa nini kila nikirudi naikuta wazi?"

"Kwa sababu we una mdomo. Nikisikia viatu vyako, nafungua."

Nikamweleza habari ya chumvi. Akanitazama sana.

"Na hayo uliyajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza. Halafu ukamfukuza mama wa watu." Akaifungua robine mwenyewe. Baadaye tulivuta lile tuyo mpaka kwenye vyoo na kwenye pipa la kupigia deki, roho yake ikatulia. Lakini siku ile aliondoka bila kunipa mkono.

Nilimfuata mama sokoni. Chupa zake zilikuwa tupu, zimepangwa. Nikamwambia kila kitu, kwa sauti ya chini, maana wanunuzi walikuwa karibu.

"Mbona leo unaongea kama mugonjwa?" akasema. "Ile siku ulikuwa na sauti ya redio. Kama ni kunisafisha, nisafishe pale pale ulinichafulia."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, foleni imejipanga na mama amekuja, nikapanda ngazi ile ile. Mwadhini yuko upande mmoja, wanakamati upande mwingine. Nikasema mimi ndiye niliyekosea, huyu mama hakugusa kitu, na ndiye aliyetuambia ukweli. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hatusikii, mzee!" Nikarudia.

Nikamwita mama aje mbele ya foleni. Akakataa. Aliweka bidon yake mwisho, akangoja zamu kama kila mtu. Ilipofika, nikanyosha mkono nimjazie.

"Acha," akasema. "Nitafungua mwenyewe."

Nikarudi nyuma hatua moja. Akaishika robine, akafungua, maji yakaanza kuingia. Na mimi, Mungu anisamehe, watu wote walikuwa wanatazama bidon, mimi nilikuwa natazama mkono wake.