Kocha Anayenywesha

Nimekana kwa miaka mingi, lakini aliyesema maneno yale ni mimi.

Nilikuwa mtoto. Baba na mjomba walibishania makocha wawili wa mpira wa kikapu mbele ya televisheni ya buchari ya nyama choma, mjini Bisil, moshi wa nyama ukituwasha macho. Baba alimtetea mkali, mjomba mpole. Nikakata shauri: "Huyo mpole ndiye bora. Ananywesha timu yake kila mara."

Kwetu mchungaji wa ng'ombe hupimwa kwa maji anayowapa. Sikujua kwamba kusimamisha mchezo, wachezaji wakanywa maji, ni mbinu ya kocha. Buchari nzima ilicheka.

Juzi, Kitengela, nilitazama fainali ya kikapu. Kocha mmoja, mkali kama yule wa baba, alifoka bila kupumzisha timu, ikachoka, ikafungwa. Simu ikalia. Alikuwa baba, naye ametazama fainali ile ile.

"Nashipai, ng'ombe wangu wamekufa kwa kiu uwanjani. Mwambie mjomba wako ulisema kweli."