Baba Alifikiri Tena

Kila ninaponusa mawese yakichemka, naiona asubuhi ile tulipokimbia mauaji Rumonge. Baba alikuwa amekwisha kutupandisha mtumbwini, mama na mimi. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa amekataa katakata kutoka nyumbani, na baba akakubali kumwacha.

Mvuvi mwenye mtumbwi aliposhika kasia, baba alisimama.

“Mama watoto, siwezi. Narudi kumuchukua.”

“Si tulikubaliana?” mama alilia.

“Nimefikiri tena.”

Akaruka majini, akapotelea kwenye michikichi. Milio ya risasi ilipokaribia, mvuvi alituondoa.

Siku chache baadaye, ng’ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mtumbwi mwingine ulimleta bibi peke yake. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi ile ile kutufuata, kwa njia ya ufukweni.

“Nilibadili nia,” alisema, akitutazama. “Mwanangu iko wapi?”