Maua ya Mpaka Kando ya Bomba

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliishia darasa la saba na Kiswahili changu ni cha kazini, kwa hivyo anayesoma anivumilie. Lakini miaka yote niliyofanya kazi kwenye kituo cha petroli pale Gachoka nilikuwa na daftari, na kuna kurasa chache ambazo nikizisoma naona mama mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu hajaandikwa mahali pengine popote.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, pampu mbili na kibanda cha mabati. Tangi lilikuwa limefukiwa nyuma ya kibanda, mahali ambapo lori la mafuta halingeweza kufika. Basi mdomo wa kujazia uliwekwa kando ya barabara, na kutoka hapo bomba likapita chini ya ardhi, kwenye ukingo wa shamba la jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mjane. Nilimwita cucu, yaani nyanya, kama watu wote wa pale. Mumewe alipokuwa hai alikubali mbele ya chifu kwamba bomba lipite, ila ardhi ibaki yake. Huko ukingoni, kati ya bomba na uzio wa kituo, cucu alipanda mbaazi.

Mimi ni mtu wa Meru, nimezaliwa juu kidogo ya Makutano, na Gachoka sikuwa na mtu. Siku yangu ya kwanza kazini cucu aliniletea uji, akasimama kuhakikisha nimeumaliza.

"Nasikia nyinyi Wameru mnakasirika haraka," alisema. "Kunywa kwanza."

Kimeru changu na Kimbeere chake vinakaribiana. Pale vilipoachana tulitumia Kiswahili, na chake kilikuwa kimevunjika kuliko changu, nasema hivyo bila dharau.

Kisha kanjo, yaani watu wa halmashauri, wakaleta kanuni za moto. Njia ya bomba ionyeshwe kwa nguzo za chuma zenye vibao vyekundu, mtu asichimbe hapo wala kuwasha moto. Si kanuni mbaya. Lakini waliotunga walikuwa na mji akilini. Udongo wa pale ulipasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikija, na nguzo zililala moja baada ya nyingine. Vibao navyo vikapungua. Kimoja nilikiona kimeziba tundu kwenye banda la kuku. Sisemi mwenye kuku aliiba. Pengine alikikuta chini akadhani kimetupwa.

Afisa wa zimamoto alikuja kutoka Embu, mtu mpole, akatukalisha na tajiri wa kituo na chifu. Alituambia tunaweza kupendekeza alama yetu wenyewe, mradi idumu na kila mtu aiheshimu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikataja lile ua lenye kitunguu chini, linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba.

"Hilo hakuna anayeling'oa," nilisema. "Hata mlevi hulizunguka."

Walicheka. Afisa aliuliza kuhusu mizizi, nikamchimbulia moja: kitunguu kama ngumi na mizizi mifupi, na bomba letu lilikuwa chini kwa kina cha kiuno. Akaandika. Akasema pia mwenye shamba aambiwe kabla ya kupanda, na kazi hiyo nikapewa mimi.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kosa halikuwa la afisa wala la tajiri. Cucu alikuwa Ishiara kwa binti yake aliyejifungua. Lori lilikuwa lije Jumatatu, na bila alama halingeruhusiwa kumwaga mafuta. Ningeweza kutuma neno kwa watu waliokwenda soko la Ishiara. Sikutuma. Nilipanda mstari mmoja kando ya bomba, upande wa nyumba yake, umenyooka kama uzi, na jioni nikaandika: "Leo nimefanya kazi safi." Maneno hayo bado yako, sijayafuta.

Cucu aliporudi alinisalimu kama kawaida. Uji uliendelea kuja. Ila mbaazi zilikauka na hakuzichuma. Maganda yakaanza kupasuka, na kuku wakawa wanaokota chini. Niliandika, "Labda ni magoti." Siku zikapita, nikachukua kikapu nikamsaidie. Nilipoinama kwenye mche wa kwanza, aliniita akiwa ng'ambo ya maua.

"Acha, mwanangu. Hizo si zangu tena."

"Ni za nani, cucu?"

"Za kituo. Si mliweka mpaka?"

Nilisimama na kikapu changu. Nilikuwa nimefikiria sana juu ya mtu ambaye hawezi kung'oa ua lile. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu huyohuyo hawezi pia kulivuka.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakuenda kwa chifu. Alivuta uzi wa leso yake.

"Nilidhani mzee wangu aliwauzia, akaogopa kuniambia," alisema. "Nikamkasirikia. Na yeye hawezi kunijibu."

Wiki zote zile alikuwa ananikorogea uji asubuhi akiwa na jambo hilo moyoni. Nilimweleza yote, kanuni, vibao, lori la Jumatatu. Sikujua kama ananielewa. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo hakuuza?"

"Hakuuza, cucu. Ni mimi nilipanda bila kukuambia."

Akajipangusa uso kwa leso, akasema, "Mmeru wewe," na sikuweza kujua kama ni tusi.

Nilitaka kuyang'oa maua saa ileile. Alikataa, maana bomba lingebaki bila alama na watu wangelipiga jembe. Aliangalia mstari wangu muda mrefu, halafu akasema mpaka ni mstari mmoja, lakini njia ina kando mbili. Nipande mwingine upande wa pili wa bomba, na kila mtu ataona ni kitu kinapita tu, ardhi haijakatwa.

Afisa alirudi, cucu akamwambia mwenyewe, naye akarekebisha karatasi: mistari miwili, na mwenye shamba awepo wakati wa kupanda. Karatasi haisemi wazo lilikuwa la nani. Ndiyo maana naliandika hapa, ingawa naogopa hata nami simtendei haki.

Tulipanda mstari wa pili pamoja Jumamosi, chifu na afisa wakiangalia. Baada ya wao kuondoka, cucu alichukua kikapu aende kwa mbaazi zilizobaki, ambazo hazikuwa nyingi. Alipofika kwenye ua la kwanza mguu ulisita. Akanitazama.

"Pita, cucu. Ni kwako."

Akavuka. Hakwenda moja kwa moja kwenye mbaazi. Alisimama katikati ya ile mistari miwili, akaanza kuongea Kimbeere kwa sauti ya chini, akitaja jina la mumewe, na hakuwa akiongea na mimi. Nilirudi kwenye pampu, ingawa hapakuwa na gari.