Marumaru Nyeupe za Bafu la Matwebe

Siku yangu ya kwanza kazini sikubandika marumaru hata moja. Nilipewa tindo na nyundo, nikaonyeshwa bafu la nyumba ya wageni kwenye shamba la chai, nikaambiwa nibandue ukuta mzima. Marumaru, ambazo ninyi vijana mnaziita tailizi, zilikuwa zimevimba na kuanza kudondoka. Mchana alikuja Fundi Mkuu wa idara ya majengo, mzee mfupi kutoka kijiji cha Suma, asiyependa maneno mengi. Akapitisha kiganja ukutani.

"Bado," alisema.

"Nimezimaliza zote, tata," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Marumaru umezimaliza. Saruji iliyozishika bado ipo. Ukibandika juu yake, zitaanguka tena."

Nikarudi kugonga. Jioni kikombe cha chai nilikishika kwa mikono yote miwili.

Enzi hizo hatukuwa na gundi ya marumaru inayouzwa kwa mifuko. Tuliloweka marumaru kwenye pipa ili zisinyonye maji ya saruji, tukazipaka saruji mgongoni, tukabandika, kisha tukazigonga kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Iliyolia kama debe tupu ilikuwa na hewa nyuma yake. Tuliing'oa kabla haijashika. Ukuta tuliupima kwa timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma mwishoni, na sakafu kwa pima maji. Sakafu ya bafu hailali kama ya sebuleni. Lazima iteremke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, la sivyo maji yanatuama, na kwetu Rungwe, ambako mvua huacha kunyesha pale tu inapopumzika, nyumba inashika ukungu.

Shamba lilipopunguza wafanyakazi nilihamia Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, chini ya mkandarasi aliyependa haraka. Alikuwa akisimama mlangoni, simu sikioni.

"Fundi, mwenye nyumba anataka kuhamia."

"Plasta bado mbichi, bosi."

"Sasa mvua hii itaacha lini?"

Tulikaa tukiutazama ukuta. Miaka mingi ya kazi yangu ilipita hivyo, kungoja ukuta ukauke, nikiwa nimelowa mimi mwenyewe. Mwishowe niliachana na wakandarasi, nikawa naitwa na watu majumbani.

Ndipo nilipoitwa kijijini Matwebe, kwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Ambokile. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam, Asajile, alikuwa amewajengea wazazi bafu ndani ya nyumba, la marumaru nyeupe zinazong'aa kama sahani. Kijiji kizima kilikwenda kuliona. Kisha mke wa Mwalimu, Bi Tusajigwe, akateleza humo akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali alitembea kwa magongo, na bafu hilo hakuliingia tena. Mumewe alikuwa akimwogesha chumbani kwa beseni.

"Ng'oa zote za chini," Mwalimu aliniambia. "Weka zenye kukwaruza, mguu ushike."

"Kijana wako anajua?"

Alitazama mlango wa chumba cha mkewe, na mama mwenyewe akajibu kutoka ndani, "Fundi, anza. Nimechoka kuogeshwa kama mtoto mchanga."

Nikaanza. Sakafu ilikuwa imebandikwa vizuri, na kitu kilichobandikwa vizuri kinauma kukivunja. Nilikuwa nimefika katikati Asajile alipotokea, amekuja kumjulia mama hali bila kutoa taarifa. Alisimama mbele ya rundo la vipande vyeupe uani, mfuko wa mikate mkononi.

"Baba, hizi nilizichagua mimi mwenyewe."

"Najua, mwanangu."

"Mngeniambia. Ningenunua zulia la mpira. Mnavunja tu?"

Mimi niliweka nyundo chini, maana si vizuri kugonga huku watu wakizungumza hivyo.

"Asajile," mama aliita. "Njoo huku."

Aliingia, mlango ukafungwa. Sikusikia walichoongea. Alipotoka alikuwa amevua koti, macho mekundu. Akainama mbele ya bafu, akaanza kuokota vipande.

"Hivi navipeleka wapi, mzee?" aliniuliza.

"Kule kwenye njia ya migombani, penye tope."

Tulifanya kazi pamoja hadi tukamaliza. Yeye alibeba kifusi na kukoroga gundi, mimi nikabandika, kisha tukajaza mianya kwa grauti, ule uji mzito wa saruji unaozuia maji kupenya. Ukutani nilifunga bomba la chuma la kushikilia. Tukaacha pakauke vyema.

Siku ya kulifungua, Bi Tusajigwe aliingia na magongo yake, akafunga mlango. Sisi watatu tulisimama mlangoni kama tunalinda benki. Mwalimu aliweka mkono kwenye kitasa. Tukasikia gongo likiegemezwa ukutani, kisha maji.

"Ondokeni hapo mlangoni," alisema. "Naoga."

Asajile alicheka, halafu akatoka nje haraka akasimama kwenye migomba, ametugeuzia mgongo. Mwalimu alinishika mkono. "Ndaga fijo," alisema, asante sana, akairudia tena na tena.

Sasa nimeacha kazi. Magoti yamekwisha; daktari anasema ni kupiga magoti kwenye saruji baridi, jambo ambalo nilikuwa nalijua. Vijana wananipigia simu kuuliza hiki na kile, nawajibu nikiwa kitandani. Mabafu mengi niliyoyafanya yameshavunjwa na kufanywa upya, na sina kinyongo, maji hula kila kitu. Jumapili kanisani, waumini wakipiga magoti, mimi nabaki nimeketi. Mwanzoni niliona aibu. Siku hizi nainamisha kichwa, naweka mikono juu ya magoti yangu, nawangoja wenzangu wainuke.