Kimio Hakikuwa na Kosa

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kusukuma ugali kwa maji. Tonge moja, kikombe kizima. Tulikuwa watoto wanne katika chumba kimoja Kariobangi, bila baba wala mama. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la saba, wiki tuliyomzika mama, na sasa nilifanya kibarua katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area ili wadogo zangu wasome.

Mwanzoni nilidhani ni madaha.

"Meza," nilimwambia.

"Nimemeza, dada. Imekataa."

"Imekataa? Kwani ugali una akili?"

Wadogo wakacheka, naye akacheka. Kisha akatoka, akaenda nyuma ya choo cha ploti tuliyopanga, na ugali ukarudi wote. Nilimfuata nikamgombeza kwa kumwaga chakula. Hilo nalo nililifanya.

Alikonda hadi sketi yake ya shule ikawa inashikwa na pini mbili. Alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali chakula kilimjia mdomoni. Kwenye zahanati tulipewa dawa ya minyoo, halafu vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Hakuna kilichobadilika.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa kutoka magharibi aliyekuwa amelea watoto saba, alimwita mlangoni penye mwanga akamwambia apanue kinywa.

"Haya, njoo ujionee," akaniambia. "Hiki kinyama kinachoning'inia ni kimio. Kimeshuka kimelala juu ya ulimi. Chakula kikifika hapo kinafukuzwa. Kwetu mtoto wa hivi angeshakatwa zamani."

Mama mwenye ploti, ambaye alikuwa Mkikuyu na hakumpenda jirani huyo hata kidogo, alikuwa akipita na ndoo. Akachungulia. "Hata kwetu hukatwa," akasema. Ni jambo pekee nililowahi kuwasikia wakikubaliana, na labda ndiyo maana niliamini.

Mkataji alikuwa mzee wa upande wa pili wa mto. Tulimwendea Jumamosi mchana. Alikuwa na kijiko cha kukandamiza ulimi na chuma chembamba kilichopindwa ncha kama mundu mdogo. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Ilikuwa haraka sana. Akaweka kile kinyama juu ya kipande cha gazeti akatuonyesha.

"Adui yenu ndiye huyu," akasema. "Mpelekeni nyumbani, mpeni supu."

Kwa wiki mbili mdogo wangu alikunywa supu na uji mwepesi, vikashuka polepole, na mimi nikamshukuru Mungu na jirani. Siku ya kwanza ya ugali, ukarudi.

Nilirudi kwa mzee peke yangu kumuuliza. Akasema mzizi umebaki. Mdogo wangu alisema hataki tena, na hapa ndipo ninapotamani angekuwa mkaidi. Nilimwambia, "Nani atakupikia uji mpaka uzeeke?" Akavaa sweta akanifuata. Nikashika kichwa mara ya pili. Mara hiyo damu ilitoka hadi Jumatatu.

Miezi minne baadaye alianguka kwenye foleni ya shule na mwalimu wake akamfikisha hospitali kubwa. Pale muuguzi mmoja aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Chakula kikirudi, kina uchachu?"

"Hapana. Ugali unarudi ugali."

"Basi hakijafika tumboni," akasema, akaenda kumwita daktari.

Walimnywesha dawa nyeupe, nzito kama chokaa ya ukutani, wakampiga picha akiwa amesimama. Daktari alituonyesha. Mrija wa chakula ulikuwa umepanuka kama mfuko, halafu chini ukachongoka ghafla kama mkia wa panya. Alisema mlango wa chini haufunguki, msuli wake umekaza, na kila anachokula kinakaa juu yake kikingoja. Hakuna aliyejua kwa nini. Haukuwa uchawi wala madaha. Kisha akammulika kooni kwa tochi.

"Nani amemkata?"

"Mzee fulani. Walisema ni kimio."

"Kimio kilikuwa na kosa gani?"

Nikavuta shuka nikamfunika mdogo wangu.

Daktari akauliza mzazi yuko wapi, atie sahihi. Nikasema ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini. Alinitazama, akanipa kalamu.

Kwanza walimpitishia mpira wenye puto la kupanua ule mlango. Akala wiki tatu, mlango ukajifunga tena. Ndipo wakampasua na kuukata ule msuli. Siku ya tano alipewa wali laini. Alimeza, akaweka mkono kifuani, akangoja. Mimi pia nilingoja, nimeshika reli ya kitanda.

"Imepita," akasema.

Niliona dunia imerudi mahali pake. Kisha wakamletea chai, naye akainama haraka na kujifunika kwa shuka. Chai ilikuwa ikimtoka puani.

Sikushangaa, na hiyo ndiyo aibu yangu. Nilikuwa nimeona vinywaji vikimtoka hivyo tangu alipokatwa mara ya pili. Nilidhani ni ugonjwa uleule, kwamba ukipona huu na huo utapona. Nilimfuata daktari kwenye ukumbi.

"Mimi nimefungua chini," akaniambia. "Juu alikatwa hadi kwenye kaakaa laini. Sina nyama ya kurudisha pale."

"Haiwezi kuota?"

"Haioti, mama."

Alirudi nyumbani akinenepa, na sauti yake yote ikipitia puani. Vijana wa ploti walimsubiri kwenye bomba, wakibana pua. "Niaje wewe! Maji imerudi?" Shule aliiacha muhula huohuo, yeye aliyekuwa sababu yangu ya kuiacha yangu. Nilimwambia asijione mwenye kosa.

"Najua si mimi," akasema. Aliendelea kuosha sufuria.

Sasa anaweza kula kitu chochote, lakini hakubali kula mbele ya mtu, hata mbele yetu. Wadogo wakishaenda shule, hungoja na mimi niondoke. Kwa hiyo mimi hutoka mapema kuliko inavyonipasa, nikasimama nje ya lango la kiwanda pamoja na wanaotafuta kazi, ingawa mimi kazi ninayo. Nikikawia ndani, hata kwa kutafuta kitambaa changu tu, uji wake unapoa.