Jina Lililopita Mtihani

Jumamosi, kwenye saiba moja, duka la intaneti, mtaani Kayole, kina mama wawili majirani walikuwa wakiangalia shule walizopangiwa binti zao. Wasichana hao walipata alama sawa. Mmoja ameitwa shule ya kitaifa, mwingine shule ya kutwa hapa mtaani.

Mama wa huyu wa kutwa, mtu wa magharibi mwa nchi, alimtazama mwenzake kwa wivu.

“Jina lenu la kabila la mlimani ndilo limembeba binti yako,” akasema.

“Kijana wangu alipokosa shule ya kitaifa mwaka jana, mimi nilisema ni majina yenu ya magharibi yanayopendelewa,” jirani akajibu polepole.

Waliondoka bila kuagana. Mlangoni, binti aliyepangiwa shule ya kutwa, aliyekuwa akisubiri, akamvuta mamake mkono.

“Mathe, jina letu liko na makosa gani?”

Mama akamshika mkono, wakatoka. Nami, mwandishi wa gazeti ninayelipwa kutoa maoni, niliyekuwa kando nikisikia yote, nilijifanya nasoma simu.